Kompyuta Iliyowaka Mbele ya Wageni

Nilipokabidhi funguo za karakana nilirudi nyumbani, nikakaa sebuleni, nikasikia friji yetu inanguruma vibaya. Nikainuka kutafuta bisibisi. Mume wangu akaniambia nimeshastaafu, niiache friji ingurume. Nimeiacha, ila mikono inaniwasha, kwa hiyo nimeamua kuishughulisha na kalamu. Ninyi mliobaki Katesh mmenisumbua muda mrefu niwaandikie habari za kazi yetu. Basi hizi hapa, na mkiona nimeruka jambo mjue nimeruka kwa makusudi.

Kwanza naruka vyeo. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, fundi, na hata mwenye karakana alikuwa nacho hicho hicho. Mshahara nao tuuache ulale.

Nilianza kazi nikiwa msichana niliyetoka kumaliza kidato cha nne, wakati rafu za maduka zilikuwa tupu na redio ilikuwa mali ya kurithiwa. Mwenye karakana, Mzee Yohana, alikuwa amejifunza ufundi misheni, na alikuwa mkali kwa sauti ya chini, ukali ambao ni mbaya zaidi. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi mpya ya kaka yangu nikidhani nitaonekana nimejiandaa. Akaipokea, akaitazama, akaifungia kabatini. Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa na wateja kwenye benchi la nje na kuwauliza redio inakaa sehemu gani ya nyumba, nani huiwasha, na ilikuwa inafanya nini kabla haijanyamaza. Niliona ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Baadaye nikaja kujua kwamba kila aliyepita mikononi mwake alianzia kwenye benchi lile.

Mfugaji mmoja wa Gendabi alikuja akilalamika kuwa redio yake inafanya kazi mchana tu. Nilimuuliza maswali hadi akanichoka, kisha akataja, kama jambo lisilo na maana, kwamba kila asubuhi huwa anaanika betri juu ya bati zipate nguvu. Betri zilikuwa zimekufa zamani. Jua lilikuwa linazipa uhai wa saa chache, jioni zinakata roho tena. Baadaye, bisibisi yangu ilipotoka kabatini, mwingine alileta redio iliyokuwa inakaa jikoni kwenye rafu ya juu ya mafiga, imejaa masizi mpaka vitufe havionekani. Niliifungua, nikaisafisha, ikaimba vizuri kabisa, na mwenyewe alipokuja kuichukua alikataa. Alidai nimembadilishia, kwa sababu yake ilikuwa nyeusi.

Zikaja enzi za ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa, na mnada wa Katesh ukabadilika sura. Pembeni ya ng'ombe na mbuzi zikapangwa redio za kaseti, pasi, saa zinazoimba, na vifaa ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya nini. Mzee Yohana alikuwa anazunguka mnadani mikono nyuma kama daktari wodini, akininong'oneza kwamba hiki kitaletwa kwetu mwezi ujao, na kile hakitafika hata mwezi ujao. Mara nyingi alipatia. Tulikuwa na kazi mpaka tunakunywa chai tukiwa tumesimama.

Kompyuta zilipoanza kuingia, za mitumba kutoka Arusha, alikataa kuzishika. Alisema kitu kisichokoroma wala kukwaruza huwezi kujua kinaumwa wapi. Akanituma mimi Arusha nikasome. Niliporudi nilikuta ameniachia kona ya karakana yenye dirisha, na akaniambia, kwa upole ambao sikuuzoea, kwamba yeye ataishia kwenye redio. Nilisikitika sana siku ile. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, lakini niliona ananiaga.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha na makao yake yakawa Babati, ghafla kila ofisi ikataka kompyuta, na kila mwenye ofisi akataka nyingine nyumbani. Hapo ndipo nikaanza kuzunguka, Katesh hadi Endasak, Dongobesh hadi Mbulu mjini, na pikipiki yangu na begi mgongoni. Nilikuwa nafika kwa watu, nasalimia, napewa kiti, naletewa chai ya maziwa, na chai ikiisha mwenye nyumba ananiuliza kwa heshima fundi atafika saa ngapi.

Begi lile lilikuwa na mita ya kupimia umeme, bisibisi, brashi ya kupakia rangi, pampu ya baiskeli na ufutio wa shule. Msicheke. Pampu ni ya kupulizia vumbi, na ufutio ni wa kusugua meno ya ramu, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, yakishachafuka, na ufutio ule umeponya kompyuta nyingi kuliko kozi yangu ya Arusha. Ugonjwa mkubwa wa majumbani ulikuwa vitambaa. Mama zetu hawawezi kuona kitu cha thamani kipo uchi, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inavalishwa vitambaa vya kufuma, kioo chake, boksi ambalo wote tunaliita sipiyu, mpaka panya wake. Inawashwa ikiwa imevaa. Inapata joto, inazima, naitwa mimi. Navua kitambaa, nakikunja kwa adabu, naeleza, na mwezi ukiisha nakikuta kimerudi.

Hizo zilikuwa kazi rahisi. Kompyuta iliyokufa kabisa nayo ni rahisi, unaipima kipande kwa kipande mpaka umpate mfu. Inayomnyima fundi usingizi ni ile inayogoma leo na kuwaka kesho, bila mtu kuigusa. Katika zote nilizokutana nazo za namna hiyo, ninayotaka muijue ni ya Veronika wa Endasak.

Veronika, ambaye nyumbani aliitwa Mama Emanueli, alikuwa mke wa dereva wa lori na aliishi na wakwe zake. Ajali ya pikipiki ilikuwa imemvunja mguu vibaya, na ulipounga haukuwa tena mguu wa kubeba ndoo wala kupandisha shamba la mteremko. Mumewe akamletea kompyuta ya mezani kutoka Arusha, akajifunza kuchapa, na baada ya muda mitihani ya shule za jirani, kadi za harusi na ratiba za ibada zote zikawa zinapita mezani kwake. Kwetu mtu asiyeshika jembe anatazamwa kwa jicho fulani, hata kama ana sababu. Kompyuta ile ndiyo ilikuwa jembe lake, na nyumba nzima ilianza kumwita ale kwanza akiwa na kazi nyingi.

Kisha ikaanza kugoma. Siku nyingine inawaka kwa kubonyeza mara moja. Siku nyingine taa inamulika kidogo, feni inajaribu kuzunguka, halafu kimya, na anaweza kubonyeza asubuhi nzima bila kitu. Mwalimu mkuu mmoja aliagiza mtihani wake akaambiwa haujachapwa, akaupeleka Katesh. Mwingine naye akafanya hivyo hivyo.

Baba mkwe wake, Mzee Tluway, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshafikia uamuzi. Alikuwa ameona kwamba kila anapokuja mgeni kuulizia kazi, kompyuta inawaka, na ikizimwa mgeni akishaondoka, Veronika anasema imegoma tena. Kwake maana ilikuwa moja tu, mkwe amechoka kazi na anasingizia kifaa. Hakumwambia mwenyewe. Kwa adabu ya nyumba ile, baba mkwe hakuwa anasemezana na mke wa mwanawe mambo mazito ana kwa ana, kwa hiyo maneno yalipitia kwa bibi, mkewe, na yalikuwa haya: mwanawe akija mwisho wa mwezi, kompyuta ipakiwe kwenye lori ikauzwe, nyumba ipate mtamba wa maziwa. Ng'ombe, alisema, hasingiziwi. Majirani nao hawakukaa kimya. Wengine walisema Veronika ni mvivu, wengine wakasema mkono wake una mkosi.

Mara ya kwanza nilipoitwa nilipokelewa vizuri. Kabla sijakaa sawasawa, jirani wa upande wa pili wa uzio, Mzee Boay, akaja kunisalimia. Huyu alikuwa na mashine ya kusaga, mtu mwenye unga mpaka kwenye kope, na katika maisha yake hakuwahi kumwacha mgeni wa jirani apite bila salamu. Na salamu zake hazikuwa za kukimbia. Nilimpa shikamoo, akaitika, kisha akauliza habari za Katesh, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua ya Mbulu, na za watu ambao sijawahi kukutana nao. Tulipomaliza nikabonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka.

Nilisugua ramu kwa ufutio, nikabadilisha ile betri ndogo ya ndani, nikapima kitufe, nikapima na umeme wa ukutani. Umeme ulikuwa mzuri kabisa. Nikaondoka. Baada ya siku chache nikaitwa tena, nikafika, nikasalimiwa na Mzee Boay, nikajibu habari za ng'ombe wale wale, nikabonyeza, ikawaka. Safari hiyo niliibeba hadi karakana nikaiwasha na kuizima mpaka wenzangu wakaniomba niiache. Haikugoma hata mara moja. Nikaibadilishia pawa saplai, kisanduku kinachoilisha umeme, kwa kukata tamaa tu, nikairudisha. Habari ikaja kwamba imegoma.

Nilipoenda tena Mzee Tluway alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri. Salamu, chai, Mzee Boay, ng'ombe, kitufe. Ikawaka. Mzee Tluway akasimama na kofia yake mkononi.

"Mama fundi," alisema, "wewe hukuitwa kutengeneza. Umeitwa ushuhudie, na umeshuhudia."

Veronika alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akivuta mguu wake.

"Mama, mimi sisemi uongo."

"Najua, mwanangu."

"Wewe unajua. Humu ndani hakuna anayejua."

Nilipanda pikipiki nikaondoka. Nilimkasirikia mzee, nikaikasirikia kompyuta, na nilijikasirikia mimi na begi langu zima.

Mwisho wa mwezi ukawa karibu. Nilikuwa nimeenda Gendabi kwenye kazi nyingine, na wakati wa kurudi pikipiki ikapata pancha. Nikaiacha kwa fundi wa baiskeli, nikaamua kukatiza mashambani kwa miguu nipite kumwona Veronika, nimpe pole tu, maana ufundi ulikuwa umeniishia. Nilitokea nyuma ya nyumba, katikati ya maharage, nikapita kando ya zizi, nikaingilia mlango wa jikoni. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi, akashtuka kuniona na tope mpaka magotini. Veronika alikuwa ndani, ameinamia kompyuta, anabonyeza.

Aliponiona aliinuka anitafutie kiti. Nikamwambia akae, abonyeze tena. Akabonyeza. Taa ikamulika, feni ikajaribu, kimya.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Yeye alinitazama kwa uchungu, akidhani namcheka, na ilibidi nimshike bega nimwambie kwamba nimeisubiri sura hii ya kompyuta yake kwa muda mrefu. Nikachomeka mita ukutani. Mshale, ambao siku zote ulisimama vizuri, ulikuwa umelala chini kabisa. Na nilipoinama kuutazama ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa ndani ya nyumba ile. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma upande wa pili wa uzio.

Nilisimama pale kama mjinga. Mzee Boay alikuwa ameachana na injini ya dizeli miezi michache nyuma akafunga mota ya umeme. Nyumba ya Mzee Tluway ilikuwa mwisho wa waya ule ule. Mota ikizunguka, umeme unaobaki unatosha taa, hautoshi kompyuta kuamka. Ikishaamka inavumilia, shida ni kuamka. Na kila nilipokuja mimi, au mwalimu mkuu, au mgeni yeyote, Mzee Boay alikuwa anaisikia pikipiki, anazima mashine, anakung'uta unga, na kuja kusalimia, kwa sababu huwezi kumsalimia mtu kwa heshima huku mota inapiga kelele. Adabu yake ndiyo ilikuwa inaiponya kompyuta, na ikishaniponyea mgonjwa naondoka na begi langu. Veronika mwenyewe hakuwahi kuunganisha mambo hayo. Mlio wa kusaga ulikuwepo tangu alipoolewa, alikuwa hausikii tena.

Nikamwomba bibi amwite Mzee Tluway kutoka zizini. Alikuja taratibu, kofia kichwani, na kwa bahati mbaya katika dakika zile zile mteja mmoja wa mashine, aliyeniona nikipita kwenye maharage, alikuwa amekwenda kumwambia Mzee Boay. Mlio wa uzioni ukazimika, na Mzee Boay akatokea mlangoni na unga wake, amenuna.

"Mama fundi, unapita nyuma kama mwenye deni, hata salamu?"

Veronika alibonyeza kitufe wakati huo huo, na kompyuta ikawaka. Mzee Tluway akainyooshea mkono. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika.

Nikamwambia Mzee Boay tafadhali arudi akawashe mashine yake, sasa hivi. Akakataa. Alisema hajanisalimia, na hata angekuwa amenisalimia, hawezi kumwacha mgeni kwenye kiti akaenda kusaga, watu watasema Boay hana adabu. Niliona hakuna njia nyingine. Nikampa shikamoo, nikakaa, tukapitia Katesh, watoto, mvua na ng'ombe wote, nikijibu haraka kama mtoto anayesoma sala ili apewe chakula. Alipomaliza alikubali kwenda, kwa sharti kwamba wote waliopo wamesikia kuwa ni mimi niliyemfukuza.

Veronika akazima kompyuta. Tukasubiri. Mota ikanguruma.

Nikamwambia Mzee Tluway abonyeze yeye. Alisita, maana hakuwahi kukigusa kifaa kile, kisha akavua kofia akampa mkewe kama mtu anayeingia kanisani, akabonyeza kwa kidole kimoja kirefu. Taa ikamulika, kimya. Akabonyeza tena. Akabadilisha kidole. Akabonyeza kwa nguvu, nikamzuia asikitumbukize kitufe ndani. Nikamwonyesha mshale wa mita ulivyolala. Bibi akatoka nje akapiga kelele uzioni, mota ikanyamaza, na mshale ukapanda mbele ya macho ya mzee. Akabonyeza kwa upole. Kompyuta ikawaka.

Sehemu ya ufundi inaishia hapo, na ninyi mnaweza kuichukua hivi: mkipewa ugonjwa unaokuja na kuondoka, msiende kama wageni. Ingieni kwa mlango wa jikoni. Stabilaiza, kifaa cha kuuweka umeme sawa, ililetwa na lori mwisho wa mwezi, lori lile lile ambalo lilikuwa lije kuchukua kompyuta, na mpaka ilipofika Mzee Boay alikuwa anapiga kelele uzioni kila asubuhi kuuliza kama Veronika ameshawasha, ndipo aanze kusaga. Mwalimu mkuu alirudisha mitihani yake. Mtamba alinunuliwa miaka ya baadaye, na si kwa kuuza kitu cha mtu. Mimi niliendelea na kazi, zikaja laptop, zikaja simu za vioo, Mzee Yohana akatutoka, na mengi ya hayo mlikuwepo mkiyaona.

Lakini nilitaka mjue jinsi ilivyokuwa ndani ya chumba kile kompyuta ilipowaka. Veronika alisogeza kiti, akafungua mtihani wa sayansi uliokuwa umekwama, akaanza kuchapa. Nadhani alitaka tu mahali pa kuweka macho. Bibi alisimama na ile kofia. Mimi nilikuwa nakunja nyaya zangu ili niondoke niwaachie nyumba yao. Mzee Tluway hakwenda. Alisimama nyuma ya kiti cha mkwe wake, mikono ikining'inia, na nilimwona akimtazama mkewe kana kwamba atampa maneno ayapeleke, kama ilivyokuwa siku zote. Kisha akaacha kumtazama.

"Mama Emanueli," alisema mwenyewe. "Umeonewa. Na aliyekuonea ni mimi."

Veronika hakugeuka. Alibaki ameinamia kibodi, mabega yametulia, na nilidhani hakusikia au ameamua kuendelea na kazi. Nikatazama kioo. Palikuwa na herufi moja tu, imejaza mstari, ikajaza mwingine, ikawa inashuka ukurasa mzima, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimebaki pale pale juu ya kibodi, na katika chumba kile hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwambia akitoe.